Ng'ombe mmoja, kisanduku kimoja: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mifugo na ardhi Zanzibar

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum.

Nakuandikieni kutoka Micheweni, mwezi wa pili, kaskazi imekolea. Majani ya uwandani yamegeuka rangi ya mkeka mkongwe, na maji ya kisima yameanza kuwa na ladha ya chumvi. Ami yangu ana ng'ombe sita. Mtu akimuuliza hali hujibu "tupo", akanyamaza, akaendelea kusokota kamba.

Mimi si mfugaji. Nasomesha jiografia skuli ya sekondari, na ng'ombe nawajua kwa sababu ami huyo ndiye aliyenilea, na kila asubuhi kabla ya kuvaa sare ilikuwa lazima nikahamishe vigingi. Nina jambo moja tu la kukuambieni, na nitalizunguka, mnivumilie. Malisho yetu hayamo katika ramani kama malisho. Zana za kuyatia humo mnazo: nyengine zinatolewa bure, nyengine zilikwishalipiwa zamani.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana nilitaka kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha nne habari za setilaiti. Kitabu kina ukurasa mmoja na picha iliyofifia. Nikaazima laptopu ya jamaa, nikanunua kifurushi cha intaneti, nikateremsha picha za rasi yetu zilizopigwa na Sentinel-2, setilaiti za Ulaya. Picha hizo hutolewa bure kwa mtu yeyote ulimwenguni, hata kwa mwalimu wa Micheweni. Setilaiti ya kwanza ya jina hilo ilirushwa 2015, ya pili 2017, na zikiwa mbili hupita juu yetu kila baada ya siku tano. Nikazipitisha kwenye programu ya kupima ukijani, na ramani ikatoka. Ilikuwa ni picha ya Februari, mwezi ambao mbuzi hupanda juu ya kuta kutafuta jani, lakini Micheweni yote inang'ara kijani utasema bonde la mpunga.

Nikampelekea ami, naye yuko barazani. Akaishika simu, akaivuta mbali na uso, akairudisha.

"Huu mdaa," akasema, akiweka kidole. "Na hapa mkaaga. Hapa pana mti wa mkwaju, nyuma yake vichaka vitupu. Mwanangu, ng'ombe wangu umemuona lini akila mdaa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechora ramani nzuri ya vitu ambavyo ng'ombe haviendei mpaka njaa imshike koo.

Naieleza hadithi hii kwa sababu najua namna mambo yanavyokwenda. Kesho anaweza kuja mtaalamu na ramani kama yangu, yenye rangi nzuri zaidi na nembo tatu chini yake, akakuonyesheni kwamba maweni, yaani ardhi ya mawe yenye udongo kidogo, ya Pemba na ya kusini Unguja yana kijani mwaka mzima. Nanyi mtaamini, kwa sababu hesabu yake ni ya kweli. Jani lililo hai hunyonya mwanga mwekundu wa jua na kurudisha juu mwanga mwengine ambao macho yetu hayauoni, wa infraredi. Setilaiti hupima yote mawili. Chukua ule wa infraredi, toa mwekundu, kisha gawa kwa jumla ya yote mawili. Unapata namba baina ya -1 na 1. Mchanga mtupu huwa karibu na sifuri, kichaka kizito hupanda kuelekea moja. Wenyewe huiita NDVI, na dunia nzima inaitumia. Haina kosa isipokuwa moja: haina ulimi wa ng'ombe.

Dawa yake ipo, na ni dawa ambayo kila mfugaji anaijua bila ya kompyuta. Mdaa hauna msimu. Majani ya chini yanao. Ukoka huamka na masika, husimama vizuri mpaka kipupwe, kisha kaskazi huuangusha. Kwa hiyo picha moja haitoshi. Panahitajika mbili: ya mwezi wa sita au wa saba mawingu ya masika yakishaondoka, na ya mwezi wa pili. Palipo kijani mara zote mbili ni kichaka. Palipokuwa kijani halafu pakafifia, hapo ndipo penye majani, hapo ndipo ng'ombe anapoishi. Nilirudia kazi yangu kwa njia hiyo. Ramani ikawa mbaya zaidi kwa sura, vipande vipande, madoa madoa, lakini ami alipoiona akainuka akaenda kuchukua miwani. Namjua, hainuki bure.

Hakuyakubali yote. Doa moja alilikataa katakata, akasema pale ni shamba la muhogo lililovunwa, si malisho. Nikaenda kwa miguu, nikakuta ni muhogo. Yaani hata hesabu iliyonyooka inataka mtu wa kuambatana nayo akaangalie chini.

Sasa niseme habari ya kamba, maana hapa ndipo visiwa vyetu vinapotofautiana na Bara na nisingependa mtuletee nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mwengine.

Kwetu ng'ombe hafugwi kwa kundi la mia linalotembea siku tatu. Hufungwa. Kigingi kinapigwa penye udongo kidogo baina ya mawe, kamba inanyooshwa, na ng'ombe anakula duara lake mpaka ahamishwe. Kamba ya ami ina urefu wa mita sita hivi. Duara la mita sita lina eneo la mita za mraba 113. Picha ya Sentinel-2 imegawika visanduku vya mita kumi kwa kumi, yaani mita za mraba 100. Nilipoipiga hesabu hiyo ubaoni darasani niliiweka chaki chini nikacheka mwenyewe: ng'ombe mmoja wa Micheweni, kisanduku kimoja. Ni kama waliopima chombo kile kule Ulaya waliulizia kwanza urefu wa kamba zetu.

Linganisheni na vyombo vyengine. Landsat ya Marekani, ambayo imekuwa ikipiga picha za dunia tangu 1972 na picha zake zimekuwa bure tangu 2008, ina visanduku vya mita thelathini; humo wanaingia ng'ombe wanane kila mmoja na duara lake. Hiyo ni nzuri kwa kutazama nyuma, kujua uwanda ulikuwaje kabla ya hoteli na kabla ya nyumba mpya, na kwa kazi hiyo haina mwenziwe. Kisha iko MODIS, chombo chengine cha Marekani cha kupiga picha kutoka angani, ambayo kisanduku chake kidogo kabisa kina mita 250 kila upande. Humo wangeingia zaidi ya ng'ombe mia tano wa kufungwa, na pengine shehia nusu na kipande cha bahari.

Naitaja MODIS kwa sababu imetumika Marsabit, kaskazini ya Kenya, katika mpango wa bima ya mifugo ulioanza mwaka 2010, unaotazama ukijani kutoka angani: kijani kikishuka chini ya kiwango, mfugaji analipwa bila ya mtu kwenda kuhesabu mizoga. Ni jambo la maana sana kwa nchi pana kama ile. Lakini nimewasikia watu wakilisifu kana kwamba linaweza kubebwa lilivyo likatuliwa Pemba. Hapana. Kwetu kisanduku kimoja cha namna ile kinachanganya maweni, mpunga, minazi, mikoko na paa za mabati, kisha kinatoa wastani wake. Wastani wa mikoko na mabati haumlishi ng'ombe.

Nikiri na jambo jengine ili asije mtaalamu akanisuta: kisanduku kile cha mita kumi huyumba. Picha ya leo na ya wiki ijayo zinaweza kupishana mita kadhaa, kwa hiyo siwezi kukuambieni ng'ombe huyu wa ami mwenye baka jeupe amemaliza duara lake. Lakini visanduku ishirini vilivyokaa pamoja husema kweli. Na kwa mipaka ya mawe na njia za mifugo tunayo picha kali kuliko zote, tena iko kwenu.

Mnaikumbuka ile kazi ya droni iliyoanza mwaka 2016. Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walirusha ndege ndogo zisizo na rubani juu ya Unguja na Pemba. Vijana wetu wa SUZA ndio waliozirusha. Picha zilizotoka zina ukali wa sentimita saba hivi. Kwa sentimita saba unaona ngalawa na kivuli chake. Unaona njia nyembamba waliyoichonga ng'ombe kwa miaka mingi kutoka kijijini kwenda kisimani. Ni picha za rangi za kawaida, hazina ule mwanga wa infraredi, kwa hiyo ukijani wa kweli haupimiki humo. Lakini kwa kuchora kitu kilipo, hazina kifani.

Na zikachorwa nini? Mwaka 2018 yalifanywa mashindano ya kufundisha kompyuta itambue nyumba ndani ya picha hizo, watu wa nchi mbalimbali wakashindana. Kompyuta ilitakiwa ipambanue nyumba iliyokamilika, nyumba isiyokamilika, na msingi mtupu. Sina ubaya nalo hilo. Mji unataka mipango. Ila nilipolisoma nilibaki nimekaa. Zanzibar msingi wa nyumba, mawe manne na nondo zilizota kutu, una jina lake kwenye ramani ya kompyuta. Uwanda uliolisha ng'ombe tangu enzi za mababu hauna.

Mtaniuliza, hilo jina lina kazi gani? Uwanda si upo tu?

Upo mpaka aje mtu wa vipimo. Nilikuwapo siku alipokuja mmoja, kijiji cha jirani. Afisi iliyomtuma siitaji. Alikuwa na karatasi iliyochapwa vizuri na mahali tunapofunga ng'ombe pameandikwa "kichaka". Mzee mmoja akamwambia kwa upole kwamba hapa panalishwa. Yule kijana hakuwa na kiburi hata kidogo, alikuwa anafanya kazi yake. Akajibu, "Mzee, mimi nafuata ramani." Baada ya miezi pakawa na nguzo za saruji, ng'ombe wakasogezwa upande wa mawe matupu, na majani ya upande huo yakaisha kabla ya mwezi kuisha. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyevunja sheria. Ardhi yote ni ya umma chini ya sheria ya mwaka 1992, Serikali inagawa, na yenye kuandikwa kichaka hugawika kwa wepesi zaidi kuliko yenye kuandikwa kitu.

Jambo hili lina mizizi ya nyuma. Baada ya Mapinduzi, eka tatu tatu zilipogawiwa, zilikatwa kwenye mashamba yenye udongo, penye mikarafuu na minazi. Maweni na uwanda vilibaki vya wanavijiji, vya kulisha, kukata kuni, kuchoma chokaa, kulima mtama na kunde mwaka mmoja na kuacha miaka mitatu. Hakuna aliyeona haja ya kuandika, kwa sababu nani angeyataka mawe? Sasa wanayataka wote. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 1,303,569, ya 2022 ikatuhesabu 1,889,773. Watu hao wanataka nyumba, na pwani ya mashariki inataka hoteli, na vyote viwili hupenda mahali ambapo ramani inasema hapana kitu.

Nawajua wenzangu wa mjini watasema: ufugaji wa kamba umepitwa, watu wafuge ndani, wakate majani, waweke ng'ombe wa maziwa bandani. Wengine wameshafanya hivyo na wamefanikiwa, na sina ugomvi nao. Lakini majani hayo ya kukata yanatoka wapi? Jirani yangu ana mtamba mmoja wa kisasa na kila jioni hupita na baiskeli imebeba mzigo wa majani hadi yeye mwenyewe haonekani. Anayakata uwandani palepale, siku hizi anakwenda mbali zaidi ya alivyokwenda mwaka juzi. Bandani hapaoti kitu. Anayefuga ndani anahitaji ramani ya majani kuliko ami, kwa sababu ng'ombe wake hawezi kwenda kuyatafuta mwenyewe.

Tena, kwetu Pemba ng'ombe hakuishia katika nyama na maziwa. Ndiye anayevuta gari la mbata na mawe, ndiye akiba ya harusi na ya hospitali, ndiye anayekusanya vijiji vizima siku ya mchezo wa ng'ombe. Shehia yetu ya jirani inaitwa Maziwang'ombe. Sidhani kama kuna haja ya kulifasiri jina hilo.

Si kweli kwamba Serikali yetu haijui kutazama mifugo kutoka juu. Katika miaka ya 1990 ndege zilikuwa zikiruka juu ya Unguja zikimwaga mbung'o madume, mamilioni, waliolelewa Tanga na kupigwa mionzi ili wasizalishe. Kazi ile ilifanywa pamoja na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na Unguja ikasafika kwa ugonjwa wa nagana mpaka leo, watu wakaweza kufuga karibu na msitu wa Jozani ambako zamani ng'ombe hakai. Wageni bado wanakuja kuisoma kazi ile. Ilihitaji atomiki. Mimi nakuombeni picha ambazo zimeshapigwa.

Basi ninachokiomba ni hiki, na nitakisema kwa namna nitakavyo nikione kikitendeka, si kwa lugha ya mpango mkakati.

Neno "malisho" liwemo katika orodha ya matumizi ya ardhi inayochorwa kwenye ramani, kwa maweni na uwanda wote wa Unguja na Pemba, na lisitiwe ndani ya "kichaka" wala "ardhi wazi". Kuyachora kusifanywe mezani peke yake. Mwanafunzi mmoja wa SUZA na mfugaji mmoja wa kijiji watembee pamoja asubuhi tatu, simu yenye GPS mkononi, picha ya droni imechapwa kubwa. Mfugaji aonyeshe, mwanafunzi achore. Nimeijaribu na wanafunzi wangu wanne kwa upande mmoja wa kijiji, Jumamosi mbili. Kazi iliyotuchukua muda mrefu zaidi ilikuwa kumngoja ami amalize kumsalimia kila aliyepita.

Kabla ya kaskazi kuingia, Disemba kwa mfano, kila sheha apate karatasi moja. Nasema moja. Isiwe ripoti. Iwe na ramani ya shehia yake na rangi tatu: majani yako kama kawaida ya miaka iliyopita, yamepungua, yamekwisha. Vuli ikiwa mbaya itaonekana kwenye picha wiki kadhaa kabla mbavu za ng'ombe hazijaonekana, na mtu mwenye wiki kadhaa ana la kufanya: anauza dume mmoja wakati bei bado nzuri, anapanda mabingobingo nyuma ya banda, anazungumza na shemeji yake wa bondeni ampe mabua baada ya mavuno. Mtu asiye na wiki hizo anauza mwezi wa pili pamoja na wenzake wote, na mchinjaji anajua hivyo. Isambazwe na kwa WhatsApp. Makundi ya shehia yapo, siku hizi yamejaa dua na matangazo ya vifurushi.

Mawingu yatakusumbueni, nakubali. Masika zipo wiki nzima ambazo setilaiti haioni ila pamba. Iko Sentinel-1, inayotumia rada na kupenya mawingu, lakini rada haipimi ukijani kwa namna ile, na mimi si mjuzi wake wa kutosha kukupeni mawaidha. Wajuzi mnao. Kwa kazi ninayoisema, mbingu ya kipupwe na ya kaskazi inatosha.

Kisha pawe na mahali pa kuhakikishia. Viwanja vichache tu, Micheweni, Makunduchi, Matemwe, kila kimoja kipigwe picha kwa simu kutoka jiwe lilelile, siku ileile ya kila mwezi, mtu akiwa amesimama na fimbo iliyotiwa alama ili urefu wa majani uonekane. Skuli zinaweza kufanya hivyo. Wanafunzi wangu wangegombania kushika fimbo. Bila ya hivyo mtaishia nilikoishia mimi mara ya kwanza, mkisifu mdaa.

Lipo jambo ambalo lilinikosesha usingizi kabla sijaandika barua hii, nami nitakuwa mnafiki nikilificha. Nilipomaliza ramani yetu ile ya Jumamosi mbili, nikaichapa, nikampa ami nakala. Akaikunja akaitia mfukoni mwa shati. Usiku, tukirudi msikitini baada ya isha, akaniuliza: "Hii ukishaipeleka juu, nani ataiona mwanzo? Mimi au mwenye pesa?"

Nilisimama njiani. Ni swali ambalo katika mafunzo yangu yote ya jiografia hakuna aliyewahi kuniuliza. Maana ramani nzuri ya malisho ni vilevile ramani nzuri ya viwanja. Inaonyesha penye udongo kidogo, pasipo miti mikubwa, penye njia, karibu na kisima. Mwekezaji angelipa kwa habari hizo. Na sisi tutakuwa tumemchorea bure, tukamwekea na rangi.

Kwa hiyo naomba mambo yaende kwa mpangilio mmoja na yasigeuzwe. Ramani ya malisho ya kila shehia ibandikwe kwanza ukutani kwa sheha, wananchi waione, wapinge, warekebishe, watie vidole. Tangu siku hiyo, asipewe mtu kipande kilichochorwa malisho mpaka suala lifike kwanza kwa wafugaji wa shehia hiyo, kwa mkutano na kwa maandishi. Bara wamepiga hatua: kule Kiteto vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao yakawa ya pamoja, wakayapa jina lililotokana na majina yao matatu, OLENGAPA, na yakapimwa na kuandikwa. Sheria yao ya ardhi ya vijiji si yetu, najua, nasi hatuna cheti cha kijiji cha namna ile. Lakini wanasheria wa Serikali wanajua kuandika kanuni. Tumeziona kanuni zikiandikwa upesi kwa mambo yenye haraka.

Umoja wa Mataifa umeutangaza 2026 kuwa mwaka wa kimataifa wa nyanda za malisho na wafugaji. Najua miaka ya namna hii huja na fulana na mabango. Mkipata fulana, leteni. Wanafunzi wangu wanazipenda. Lakini mkiwa mna fedha ya bango moja, nakuombeni muichapishe ramani badala yake.

Mwisho, mwaliko. Njooni Jumamosi yoyote kabla masika hayajaanza, mfike mapema kabla jua halijawa kali. Msilete droni, inawatisha ndama. Leteni ile ramani yenu ya matumizi ya ardhi, nakala kubwa, na kalamu nyekundu. Ami ameshakubali kukutembezeni; alichoniambia nikuandikieni ni kwamba mvae viatu vya ngozi vyenye soli ngumu, kwa sababu mawe ya huku hukata ndala, na kwamba chai atapika yeye, lakini maziwa hayahakikishi.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa jiografia,
Micheweni, Pemba